Kuku Ametaga Chini ya Gari

Betri ilikufa Julai, kwa baridi ile ya kung'ata masikio.
Nikajifunga shali la mke wangu,
nikashuka kwa miguu toka Itiji hadi Mwanjelwa.

Sikujua mikaratusi hunukia hivyo
jua la kwanza likiipiga.

Jioni, kwenye mwinuko, nikamkuta
yule wa baiskeli na gunia la viazi,
miaka sita nampigia honi apishe.
Anaitwa Ambilikile. Ana mapacha.
Nami, kumbe, alinijua kwa namba za gari tu.
Tulisukuma wote, tukihema, tukicheka.

Fundi akapiga simu: betri ipo, laki na nusu.
Nikamwambia subiri.
Hadi leo anasubiri.

Sikuhubirii. Machi nitalowa chapachapa,
na mama akiugua usiku nitaita bajaji.
Lakini wewe, unayewasha injini
kufuata mkate hatua mia mbili,
moshi ukiwaachia watoto wa shule,
zima. Shuka.
Gunia la Ambilikile halikatai mkono wa tatu.

Gari? Lipo uani.
Kuku wa Mama Subilaga ameatamia mayai saba
chini ya injini,
na mimi ni nani nimwamshe?