Ngazi ya Ishirini na Sita

Saa moja asubuhi Seeb imeshaungua.
Bi Raya kavaa raba chini ya baibui,
anazunguka ndani ya jengo la maduka
milango ya chuma ingali imeshushwa.
Mara tatu. Mara nne.
Kisha ngazi.
Ile ya umeme anaikwepa kama mdai.

Mjukuu wake Shamsa, wa maabara ya Al Khoud,
ndiye aliyemtia maneno:
Bibi, mfupa si boriti tu.
Ukiutwisha uzito unatoa homoni,
inashika njia ya damu,
inagonga kwa kongosho: amka, sukari imejaa;
inagonga kwa msuli: kula, una kazi;
inapanda mpaka kichwani,
kule majina yanakopotelea.

"Nani kayaona hayo?"

Kwa panya, bibi, wameyaona.
Kwa watu bado wanabishana.

Bi Raya alicheka hadi kahawa ikamwagika.
Miaka sabini na mbili akidhani mifupa
ni kile kinachotusubiri kaburini,
kumbe imo kazini,
inatuma salamu bila stempu
hata kwa mwenye halua mdomoni.

Goti la kushoto linalalamika.
Lalamika, analiambia, lakini panda.
Mlinzi wa Kikerala anamhesabia
kwa Kiarabu cha kuokota.

Juzi lilimtoka jina la mtaa aliozaliwa, ng'ambo.
Alilitafuta usiku kucha kama ufunguo.
Leo, ngazi ya ishirini na sita,
mkono pajani, pumzi juu juu:
Kikwajuni.

Labda mfupa. Labda bahati.
Anageuka, anashuka,
aanze tena.