Mlio wa Komeo

Kabla hujapanda, nisikilize mimi,
Sikudhani binti Shomvi, mwenye shati la njano
na filimbi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu.
Tiketi umekata kule kwa Chande, sawa,
lakini kiti hiki hakijui kusoma tiketi.

Simama hapo, kwenye nyayo nilizochora kwa rangi.
Kiti hakisimami, kinafuata waya wake.
Kinakuja kwa nyuma kama deni:
usipokitazama, kitakupiga magotini.
Geuza shingo. Kishike mgongo. Kaa.

Ushungi, chomeka. Mtandio, funga.
Malapa vua, acha kwenye beseni la bluu.
Mwaka juzi kandambili moja ilidondoka kutoka juu
ikatua katika karai la muuza mihogo.
Alama ya mafuta anayo mkononi hadi leo,
yuko pale pale, kanunue, umuulize.

Sasa chuma. Kishushe mpaka mapajani
na usiniambie "nimefunga".
Kila mtu hufunga.
Mimi nataka "tak".
Idi hapa Mnazi Mmoja unaijua mwenyewe:
dufu huku, jenereta kule, maputo yanapasuka,
kengele za aiskrimu, mtoto kapotezana na shangazi yake,
na humo mote sikio langu linatafuta sauti moja,
ndogo kama jino likigonga kikombe.

Jana, Idi pili, alikuja bwana mmoja na binti yake.
Kanzu imepigwa pasi hadi ingesimama yenyewe.
"Chuma kitanikunja," akasema. "Mimi si mtoto."
Foleni ikaanza kupiga miluzi.
Nikamsogezea kiti changu cha plastiki:
"Basi kaa hiki, bwana. Hakina chuma,
wala hakiendi popote."
Lakini binti hakufika kimo cha fimbo yangu,
na asiyefika fimbo hapandi peke yake.
Akamtazama baba. Hakusema neno.
Bwana akakaa, akakunjwa.
"Tak."

Wakapanda juu ya vichwa vya watu, juu ya maturubai,
upande wa Lumumba, mahali waya unapokwenda juu zaidi,
jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Hapo ndipo kazi yangu ilipo.
Kupandisha watu hata mbuzi angefundishwa.
Viti kumi na vinne vinaning'inia, na kila mmoja
ghafla anaiona ardhi kuwa karibu.
Si karibu. Inadanganya.
Nilikuwepo mwaka ule kijana alipoiamini.
Jina lake silitaji, mama yake hupita hapa.

Nikapuliza filimbi, nikakimbia chini ya waya:
Kaeni! Msitikise! Mikono kwenye chuma!
Bwana wa kanzu alikwishakamata komeo,
anataka kulifungua, ashuke, awe mwanamume.
Nikaona kiganja kidogo kikiwekwa juu ya chake.
Walichozungumza sikukisikia.
Ila mkono wake ulirudi kwenye chuma
na ukabaki hapo, dakika kumi na moja,
Chande akitukana plagi na kuifuta kwa shati lake.

Waya ulipoanza tena hakuna aliyeshangilia.
Walirudi wamekaa wima kama watu wa mtihani.
Na hili nalo uliweke akilini: ukifika, inua chuma,
si kabla; simama, tembea mbele, pinda kulia.
Usisimame kupiga picha. Kiti cha nyuma yako kina mtu.
Bwana alisahau. Nilimvuta kwa mkono wa kanzu,
ukachanika kidogo kwenye mshono.
Hakunigombeza.
Alikwenda kwenye beseni la bluu, akainama,
akawa anatafuta kiatu chake miongoni mwa viatu vya watoto,
muda mrefu, kama mtu asiyekumbuka rangi yake.

Haya. Nani anafuata?
Wewe mwenye shuka la mgongoni, lifunge vizuri.
Njoo kwenye nyayo.
Tazama nyuma. Kinakuja.