Jiwe la Upande wa Ndani

Niliitwa Mbale kuziba ufa, si kuabudu.
Viatu nilivua kama wote, nikaviacha
kando ya kandambili za Pushpaben,
na tindo zangu nikaziviringisha gunia,
maana hata chuma, aliniambia, kina adabu yake humu.

Kwanza nilicheka kimoyomoyo.
Nani hujenga hivi? Chumba cha mungu
ni kidogo kuliko ghala langu la mahindi,
hakina dirisha, watu watatu wakisimama
wa nne hubaki nje na sahani yake ya maua;
na juu ya kichumba hicho
wamelundika jiwe juu ya jiwe,
vilele vinavyozaa vilele,
mpaka shingo ikaniuma kuvihesabu.
Mzigo wote huo kwa giza dogo hivi?

"Ni mlima," akasema Pushpaben. "Na hilo ni pango lake."

Nikageuka. Nyuma yangu Wanale ulikuwa umekaa
na maporomoko yake membamba, meupe kama uzi wa timazi,
na mapango ambamo wazee wetu waliingia na kuku mweupe
wakatoka bila kuku.
Sikuuliza tena.

Siku tatu nilipanda jukwaa la mikaratusi.
Nondo nilizitafuta; nikagonga, nikatega sikio. Hakuna.
Saruji ipo, ya juzi, ya mtu aliyekuwa na haraka.
Mengine yote ni jiwe lililomkalia mwenzake,
ulimi wa hili katika shimo la lile,
na kinachoyazuia yasianguke
ni ule ule uzito unaoyataka yaanguke.
Ukutani mwanamke wa jiwe anatoa mwiba mguuni.
Chini yake tembo wameandamana, mkonga kwa mkia,
masikio madogo, ya tembo wa ng'ambo;
ila mmoja, wa saba kutoka mlangoni,
ana masikio mapana kama jani la mgomba,
tembo wa kwetu kabisa, kajichomeka msafarani.

Mwaka ule wa siku tisini
walifunga mlango wakaondoka na sanduku moja moja.
Mungu wao alipakatwa, kafungwa shali ya mtoto.
Ganda lililobaki likawa bohari ya kahawa,
magunia hadi darini, panya,
na kengele iliuzwa, au iliyeyushwa, au,
kuna wanaoapa, inaita watoto darasani huko Nakaloke.
Hata leo, mvua ikinyesha sana,
chini ya ubani na samli
kuta hutoa harufu ya kahawa mbichi.

Siku ya nne niling'oa mkono wa nguzo uliolegea.
Kwenye uso uliogeukia ukutani,
uso ambao hakuna aliyetarajiwa kuuona,
palikuwa na tarakimu ya Kigujarati
ya kumwambia fundi jiwe likae wapi,
na kando yake, kwa mchongo unaoegemea kushoto,
mbegu ya kahawa: yai refu, mstari mmoja katikati.
Mbegu hiyo imo kizingitini kwetu Busiu.
Imo kwenye kinu. Imo kwenye kaburi la bibi.
Babu Wepukhulu, aliyetuambia maisha yake yote
kwamba kwa Wahindi alikuwa akichota maji tu.

Nilikaa kule juu na jiwe mapajani
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wageni, kumbe ni wake.
Ningeweza kuligeuza, uso nje, watu waone.
Chini Pushpaben alikuwa akigonga kengele mpya,
ya dukani, sauti yake bado nyembamba.
Nikachanganya chokaa.
Nikalirudisha kama yeye alivyoliweka,
alama gizani, mlima juu yake.

Malipo yalichelewa wiki mbili.
Nilirudi kuyadai, nikavua viatu kabla ya kuambiwa,
nikapita kwanza kwa tembo wa saba.