Tathmini ya Mwaka, Ghala la Tatu

Jina: Tsuma Mwagambo. Umri: hamsini na saba.
Kazi: mpakiaji.
Hapo kalamu imegoma.

Nje, Shimanzi inanuka chai kavu na dizeli.
Lori la Kericho linarudi kinyumenyume
likilia kama mtoto aliyenyimwa titi,
na vijana wa zamu ya usiku wanakohoa vumbi la majani,
watalikohoa hadi Chaani, hadi Kibarani,
juu ya mito ya wake zao.

Jana jioni, darasani Tononoka,
mwalimu Shebwana alichora ngazi ubaoni.
Maisha yana vipawa vinane, akasema.
Mtoto mchanga hujifunza kuamini.
Kijana huuliza: mimi nani?
Mtu mzima hulea, huacha alama.
Mzee huketi kipawa cha juu kabisa
akatazama chini, akaridhika au akajuta.
Tukanakili, mimi na karani wa benki
na yule askari wa kaunti aliyekuwa akisinzia.
Kisha akaifuta ngazi kwa kiganja, akaandika kazi za meneja:
kupanga, kuratibu, kuongoza, kudhibiti.
Vumbi la ngazi likabaki kwenye mkono wa shati lake.

Sikuinua mkono kuuliza.
Nilikuwa kipawa cha ngapi mimi, mwaka ule,
nilipoingia ghala hili kibarua wa siku,
miaka kumi na tisa,
mimba ya miezi minne nimeifunga kwa leso
nisirudishwe langoni?
Tsuma aliona. Hakusema neno.
Mifuko yangu aliihamishia kwenye rundo lake.
"Wewe shika chaki, uhesabu. Ukikosea nitakwambia."
Nilikosea. Akaniambia.
Ndiyo chaki iliyonileta kwenye kiti hiki kinachozunguka.
(Kule ndiko kuratibu? Au ni kudhibiti?
Mtihani ni Alhamisi.)

Sasa kuna nafasi moja ya mafunzo ya foklifti.
Makao makuu wameandika: apewe mwenye miaka mingi mbele yake.
Kenga ana ishirini na minne, ana cheti, ana haraka,
na mkewe anatarajia mwezi wa sita.
Tsuma alikuja Jumatatu, kofia mkononi,
akasimama pale wanaposimama wanaoomba ruhusa ya mazishi.
"Bosi,"
(ananiita bosi, nami kila mara nageuka kutazama nyuma)
"ile mashine nshaitazama miaka kumi na mmoja.
Naiota. Usiku mguu wangu wakanyaga breki
hata mke wangu ashahama kitanda."

Nikacheka.
Yeye hakucheka.

Kwa ngazi ya Shebwana
mtu huyu angekuwa ameanza kutafuta pa kuketi.
Lakini mimi nimekulia humu ghalani,
na nadhani mtu amepangwa kama ghala:
kilichoingia kwanza kiko nyuma kabisa, chini,
na siku moja mteja huja kukiulizia hicho hicho,
ikakubidi uhamishe kila kitu.

Bibi yangu akisema kipawa ni kile ulichopawa,
hakujua kingine cha kukanyagwa.
Lakini bibi hakuwahi kujaza fomu.

Swali la mwisho: Je, mfanyakazi huyu bado anaweza kukua?
Ndiyo. Hapana. Weka alama kisanduku kimoja.
Nimeweka kwenye Ndiyo.
Nimetoa fomu ya Kenga, swali lile lile,
nimeweka kwenye Ndiyo.
Nafasi bado ni moja.

Lori limeacha kulia.
Chini namsikia Tsuma, sauti yake imekauka kwa vumbi,
akimsimamia kibarua mpya, sijui ni nani:
"Kumi na saba, kumi na nane...
hapana. Umeruka. Rudia."