Kumi na Saba na Nusu

Duka letu liko ghorofa ya tatu, Barabara ya Dubois,
juu ya wauza mapazia.
Ukipanda ngazi utanusa wino kabla hujauona mlango.
Mimi ni Wekulo. Nachapa kadi.
Harusi, mahafali, kuzaliwa, kufa,
wote hupitia hapa, na karibu wote huomba dhahabu.

"Dhahabu gani?" nauliza.
Hawalipendi swali hilo. Wanadhani dhahabu ni moja,
kama Mungu na mama mkwe.

Nawafungulia daftari la vipande, kurasa ishirini na sita.
Ya kwanza bado changa, ina ukijani wa ndimu pembeni;
wauza simu huipenda, husema ina kasi.
Ya nne ni ya mafuta ya chipsi,
ukiitazama kabla ya saa sita utameza mate.
Benki hutaka ya kumi na moja, iliyokolea, inayokaribia udongo,
dhahabu isiyocheka na mtu,
ili mteja aamini kwamba pesa zake zimelala salama.
Maharusi wa mwaka huu wote ni waridi.
Mwaka juzi walikuwa shampeni.
Na askofu mmoja wa Kayole, aliyejivika cheo mwenyewe,
alizipitia zote akauliza kama hakuna inayong'aa zaidi.
Nikamwambia ipo, ila haisomeki.
Akasema si lazima isomeke.

Harshadbhai, aliyenifunza kazi, alikuwa akinionya:
kwenye kompyuta hakuna dhahabu,
kuna njano iliyojipanga na kahawia iliyojificha.
Dhahabu si rangi, kijana. Ni tabia ya mwanga
unapopata mahali pa kukaa.
Ndiyo maana tunaipiga kwa moto:
bamba la chuma, utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu,
sekunde moja tu.
Ukizidisha, herufi hunenepa.
Ukipunguza, hubanduka na kuondoka na kucha ya mgeni.

Jumanne moja ya Julai, baridi ile ya kuingia mifupani,
akaja mama mmoja, Kwamboka, leso kaifunga kidevuni.
Hakutaka daftari. Alifungua kitambaa
akaweka mezani kifungo cha koti.

Mumewe alisimama mlangoni mwa hoteli miaka thelathini na mmoja
akiwafungulia watu wasiomtazama.
Kila jioni alivisugua vifungo kwa majivu na ndimu
mpaka dhahabu ikachoka.
Ukingoni bado inawaka; katikati,
pale gumba lilipopita, imebaki shaba tupu,
rangi ya sturungi.

"Jina lake liandikwe kwa hii."
"Hii ya pembeni?"
"Hii yote."

Nilijaribu. Kumi na saba ilikuwa na majivuno.
Kumi na nane ilikuwa imeshakufa.
Saa mbili usiku umeme ukapotea, ukarudi, na bado.
Mwishowe nikatanguliza wino wa kahawia,
juu yake nikapiga kumi na saba, nikangoja ipoe,
kisha nikalisugua jina kwa gumba,
polepole, kama mtu anayepima iwapo ukuta umekauka.
OMBATI.
O ikabaki iking'aa, na I kule mwisho.
Katikati, B na A zikachoka.

Vijitabu mia mbili. Gumba lilichubuka kwenye mia na arobaini.

Alipokuja alikipeleka kimoja dirishani,
kwenye mwanga wa saa nne, ule mweupe usiomsifu mtu.
Hakusema asante. Alisema, "Hapo."
Akahesabu noti, akaenda.
Kifungo alikiacha, au alikisahau, sijui.

Sasa kimeshonwa kwa uzi daftarini,
kati ya kumi na saba na kumi na nane.
Wiki iliyopita bi harusi mmoja, na mashangazi watatu nyuma yake,
alikifikia akasita.
"Na hii? Inapatikana?"
Nikamtazama kucha, amezipaka ile ya waridi.
Nikamwambia inapatikana,
ila inachelewa.