Wiki Tatu bila Kidonge

Daktari Jasiulewicz amevua miwani.
Huivua akiwa na neno zito, nimeshamzoea,
lakini leo ameilaza juu ya karatasi yangu,
pembeni mwa namba: mia tatu arobaini.
"Februari ilikuwa thelathini na mbili, Ludomira.
Vimeng'enya vimepanda. Ini lako linapiga kelele."

Mimi sikusikia kitu.
Ini ni mtumishi wa siku nyingi,
halikohoi, halichechemei,
na siku likiamua kusema
husemea ndani ya kichupa chenye kizibo cha manjano,
na anayesikia ni mtu wa maabara nisiyemjua.

Miaka kumi na mmoja nimekula meza moja na dawa hii.
Saa moja jioni, mkate mweusi, glasi nzima ya maji.
Imenivimbisha kope.
Imenikaza mashavu ya miguu usiku wa manane
hata Zenon akaamka kunikanda, nusu usingizini, akinikanda goti.
Lakini kansa ya damu imeibana konani
kama paka na panya: hamli, hamwachi.

Sasa naambiwa niiache.
Wiki tatu, kisha tupime.

"Na akitoka konani?"
"Kwa wiki tatu hafiki mbali."
Akashika kalamu. Pombe?
Glasi moja, Mei, harusi ya mpwa wangu.
Vidonge vya maumivu? Hapana.
Homa ya ini tumepima, haipo.
"Kingine? Chai? Majani?"

Nikatazama viatu vyangu.

Kule Suwałki nililinda kizuizi cha reli
miaka ishirini na sita.
Kando ya mataruma huota mmea wa maua ya manjano,
ukivunja shina hutoa utomvu wa rangi ya chungwa.
Mama alitupaka kwenye chunjua.
Halszka, jirani yangu, akaniambia mwaka huu:
madawa yako yanalichosha ini, lioshe.
Nikachuma. Nikakausha juu ya kabati, kwenye gazeti.
Vikombe viwili kwa siku, wiki sita.
Nililionea huruma ini langu,
hilo ndilo kosa langu lote.
Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu;
changu nilikichemsha mwenyewe
nikakitia asali.

Daktari hakunikaripia. Aliandika.
Ningependa angenikaripia.

Saa moja jioni mkono unaenda wenyewe.
Zenon ameficha vidonge kwenye droo ya soksi zake
kana kwamba mimi ni mlevi.
Najipapasa shingo, makwapa,
kushoto chini ya mbavu ambako zamani bandama ilijaa kama mkate.
Treni ya Kaunas ikipiga king'ora
nasema: huyo, ametoka.

Kazini nilijua.
Ukishusha kizuizi, wenye haraka hupiga honi,
mmoja aliwahi kunirushia tufaha.
Hujaifunga barabara. Umeisubirisha tu.
Nilijua hivyo nikiwa nimeshika usukani wa kizuizi.
Kuwa gari ni jambo jingine.

Hamsini na nane.
"Si nzuri bado," anasema, "inatosha kuanzia."
Vidonge vitatu badala ya vinne, damu kila wiki.
Majibu ya kansa yenyewe, siku kumi tena.
Sikuuliza zaidi.

Jioni Halszka anabisha hodi,
vidole vimepakaa rangi ya chungwa,
fungu zima amenichumia, mbichi, lina umande.
Amenichumia kwa miguu ile mibovu.
Nalitia kwenye mtungi wa maji, dirishani.
"Hutalikausha?"
Nampa kiti. Namwambia akae,
leo tuyatazame tu.
Kisha nakata mkate, najaza glasi,
na mbele yake nahesabu kwa sauti:
moja,
mbili,
tatu.