Mifupa ya Kijani

Bounthieng alizima mashine kabla filimbi haijalia.
Ndoo yake ya chuma ilikuwa imeuma udongo wa kijani
na katikati ya meno, kigae.

Siku tatu, wakasema wa kampuni. Tatu tu,
halafu shimo liendelee kukila kilima.

Wakaja wenye brashi na vijiko.
Wakamkuta chali, nyayo zimeelekea mto,
vyungu vimevunjwa juu yake makusudi,
vigae ndiyo shuka.
Mkononi kalibu ya udongo, nusu mbili
bado zimekumbatiana, zangoja shaba ya moto.
Shaba yenyewe ilikwisha mwingia:
mifupa ya kiganja imeota kijani
kama ukoga wa kisima.

Hatua nne kutoka hapo, mtungi.
Ndani, mtoto, magoti kidevuni,
mwepesi kuliko kifaranga.
Chungu na uchungu, nani kamzaa nani?
Mama alikosa tumbo la kumrudishia,
akafinyanga jingine.

Jioni Bounthieng alirudi na wali wa kunata kikapuni.
Mifupa ilikwisha kupakiwa makashani.
Akaufunga uzi mweupe kwenye mpini wa koleo,
maana hapakuwa tena na kifundo cha mkono.
Kwao roho huitwa kwa jina,
naye jina hakulijua.

Siku ya nne akawasha mashine.
Kofia yake ya plastiki ina namba: 0417.
Akaivua, akaitazama.
Kwao maiti huchomwa.
Moto utamwachia nini mkononi?